Stata inalia vizuri mezani, garini inasema "tik": mwongozo kamili wa kuipima baada ya ovaholi

Malalamiko ninayopokea kutoka kwa mafundi wa Nakuru, Kisumu, Kakamega hata Bungoma yanafanana kama mapacha. Stata, yaani mota ya kuwashia injini, imefunguliwa, ikawekewa brashi mpya (vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), ikasafishwa mpaka inang'aa. Ikalazwa sakafuni, ikaguswa na waya mbili za betri, ikalia "wiiii". Kila mtu akafurahi. Ikafungwa garini, ufunguo ukazungushwa, ikajibu "tik" na kunyamaza. Mwenye gari anakutazama, nawe unaitazama betri kana kwamba ndiyo iliyokusaliti.

Stata isiyobeba mzigo huhitaji nguvu kidogo sana ili izunguke. Hata mbovu italia. Sakafuni inazungusha armecha yake tu, yaani kiini chake kinachozunguka, lakini garini inaburuta kranki, pistoni na oili nzito. Kwa hiyo ile "wiiii" inathibitisha kwamba umeme unapita, basi. Kama ina nguvu ya kuamsha injini, hilo utaambiwa na mita.

Mwongozo huu unafuata stata za volti 12 zenye solenoidi (swichi ya sumaku ya umeme) juu yake, kama zile za Probox, Fielder, Premio na HiAce. Nyinginezo nyingi hufanana nazo.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kugusa waya

- Betri nzima ya volti 12, iliyochajiwa. Ikiwa imetulia saa kadhaa, isome volti 12.6 hivi. Chini ya 12.4 ichaji kwanza, la sivyo utakuwa unapima betri ukidhani unapima stata.
- Mita ya kawaida ya kusoma volti na omu.
- Mita ya kubana waya inayosoma ampia za umeme wa betri. Angalia kabla hujanunua, kwa maana nyingi za bei nafuu husoma umeme wa ukutani peke yake. Ukiibana kwenye waya wa betri itakuonyesha sifuri nawe utaamini.
- Waya za jampa nene, zenye vibanio visivyolegea. Waya nyembamba hushusha volti na kukupa majibu ya uongo.
- Kipande cha waya mwembamba wa kugusia kituo cha solenoidi.
- Jiliwa, yaani vaisi, iliyokazwa kwenye meza nzito.
- Msasa laini, namba 400 hivi, kitambaa kikavu na miwani ya kukinga macho.

Onyo la kwanza, nalo limenigharimu mita mbili: usijaribu kupitisha umeme wa stata ndani ya mita ya kawaida. Tundu lake la ampia huishia 10, na stata inavuta makumi mpaka mamia. Ya kwanza ilikata fyuzi, ya pili ikatoa moshi. Ukikosa mita ya kubana, ruka vipimo vya ampia ufanye vile vya volti kwa umakini zaidi.

Onyo la pili ni la betri. Betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, na cheche moja inatosha kuilipua. Ikitoka chaja, iache ipumue mahali penye hewa. Kibanio cha mwisho kabisa kukiunganisha kiwe mbali na betri: kiguse mwili wa stata, si nguzo ya betri.

## Vituo vitatu

Nyuma ya solenoidi kuna bolti mbili nene na ncha moja ndogo. Bolti inayopokea waya mnene wa betri ni namba 30. Bolti ya pili, yenye waya mfupi unaoingia kwenye mota, nitaiita M. Ile ncha ndogo inayopokea amri ya ufunguo ni 50. Mwili wa chuma wa stata ndio hasi.

Ndani ya solenoidi mna koili mbili. Moja huvuta, nyingine hushikilia. Ya kuvuta hutoka 50 ikaishia M. Ya kushikilia hutoka 50 ikaishia kwenye mwili. Hatua ya 3 nzima imejengwa juu ya tofauti hiyo.

## Hatua ya 1: Kagua kabla hujafunga kifuniko

Watu wanapoharakisha, huharakisha hapa, na hapa ndipo ovaholi nyingi hufia.

Weka mita kwenye omu. Ncha moja iguse komuteta (duara la vipande vya shaba ambalo brashi hugusa), nyingine iguse shafti ya armecha. Mita isisome chochote. Ikisoma, armecha imeshika mwili: irudishe kwa msuka koili au tafuta nyingine. Kisha gusa vipande vya komuteta viwili viwili, kila kimoja na jirani yake, kuzunguka mpaka urudi ulipoanza. Vyote visome. Kimoja kikikataa, kuna waya uliokatika au uliochomoka pale ulipochomelewa.

Brashi za chanya zisiguse mwili. Pima kishikio chake na bamba linalokishika. Nimeona brashi mpya ambayo mkia wake wa waya ulipinda ukagusa kasha: stata nzima, brashi nzima, na bado waya za jampa zinawaka moto.

Sasa umbo la brashi. Brashi mpya ina uso bapa, komuteta ni duara. Ukizikutanisha hivyo zilivyo, brashi itagusa kwa mstari mwembamba tu. Bila mzigo itazunguka vizuri. Mzigo ukija, umeme wote unalazimika kupita kwenye ule mstari, unapata joto, nguvu inaisha. Zungushia msasa laini kwenye komuteta, uso wa mchanga ukitazama brashi, uizungushe taratibu mpaka brashi ipate mkunjo ule ule wa komuteta. Futa vumbi lote, kwa sababu unga wa kaboni unapitisha umeme. Usitumie msasa mweusi wa chuma. Chembe zake hubaki kwenye shaba zikaendelea kula brashi.

Kati ya vipande vya komuteta kuna maika, kitu kisichopitisha umeme. Iwe chini ya shaba, si sawa nayo. Vitabu vingi vya watengenezaji hutaka kina kisichopungua milimita 0.2. Kipande cha wembe wa msumeno wa chuma kilichopunguzwa unene hufanya kazi hiyo vizuri.

Umefaulu ikiwa armecha inazunguka kwa kidole bila kukwama popote, na brashi zinarudi zenyewe ukizivuta na kuziachia.

## Hatua ya 2: Bendiksi kwa mkono

Shika gia ndogo ya bendiksi, ile inayoruka mbele kushika meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini). Upande mmoja izunguke huru, upande wa pili ikaze mara moja bila kuteleza. Ikiteleza pande zote mbili, stata italia nayo injini isigeuke kamwe.

Ikiwa umenunua bendiksi mpya, hesabu meno ya zamani na ya mpya. Kweli, yahesabu kwa kidole. Mbili zinaweza kufanana kama shilingi kwa ya pili, moja ikawa na meno tisa na nyingine kumi. Jino moja likizidi, unasaga meno ya flaiwili, na kubadilisha flaiwili ni kushusha gia boksi.

Bendiksi isizamishwe ndani ya petroli. Petroli huingia ndani ikaosha grisi iliyotiwa kiwandani. Ifute kwa kitambaa.

## Hatua ya 3: Solenoidi peke yake

Fungua waya mfupi kutoka kituo cha M, uuweke kando usiguse kitu. Sasa mota haitazunguka. Solenoidi ndiyo itakayofanya kazi. Kila jaribio hapa lisizidi sekunde tano, maana koili ya kuvuta hula umeme mwingi na haikutengenezwa kukaa.

Bana stata kwenye jiliwa kwa masikio yake ya bolti. Ikiwa ni ya sumaku za kudumu, usibane pipa la katikati wala kuligonga kwa nyundo: sumaku zile ni kama kigae, hupasuka, na kipande kikiingia kwenye armecha ovaholi imekwisha.

Kuvuta. Unganisha hasi ya betri kwenye mwili wa stata, na waya mwingine wa hasi kwenye M. Gusa 50 kwa chanya. Bendiksi iruke mbele kwa nguvu: "tak!" Ikijikongoja, koili ya kuvuta ina walakini au kuna uchafu njiani.

Kushikilia. Bendiksi ikiwa mbele, ondoa hasi iliyo kwenye M tu. Ibaki pale pale. Ikirudi, koili ya kushikilia imekatika. Hiyo ndiyo solenoidi inayogonga "tak-tak-tak" kama bunduki, watu wakalaumu betri. Ingawa, kusema haki, mara nyingi ni betri kweli. Ndiyo maana tuliipima kwanza.

Kurudi. Ondoa hasi ya mwili. Bendiksi irudi ndani papo hapo. Ikizembea, springi imechoka au shafti ina grisi nzito iliyoganda. Grisi nyingi si sifa: paka kidogo, iliyo laini.

## Shaba ndani ya solenoidi: usiipite

Solenoidi ikivuta, sahani ya shaba hugonga vichwa viwili vya shaba, cha 30 na cha M, na umeme wote wa injini hupita hapo. Vichwa hivyo huliwa, na kwa kawaida kile cha upande wa betri huliwa zaidi.

Kwenye stata nyingi za Toyota unaweza kufungua kifuniko cha nyuma na kuviona. Kosa ninalokutana nalo sana ni kubadilisha kimoja, au kukipiga tupa mpaka king'ae, kingine kikaachwa. Sahani inapokuja inagusa kirefu tu, kifupi kinabaki mbali kwa unene wa unywele. Unasikia "tik" nzuri na mota haipati kitu. Mezani inaweza kugusa mara tano kati ya sita, ukadhani iko sawa. Badilisha vyote viwili kwa pamoja, hakikisha viko kimo kimoja, na uso wa sahani usiwe na shimo. Ukitaka kuhakikisha, paka kalamu ya rangi juu ya vichwa, sukuma sahani kwa mkono, kisha uone kama imeacha alama kwenye vyote.

Bolti hizo zimeshikwa na plastiki. Ukikaza nati kwa hasira, bolti huzunguka ndani na kupasua kifuniko.

## Hatua ya 4: Kuzungusha bila mzigo, na kusoma ampia

Rudisha waya mfupi kwenye M. Chanya ya betri kwenye 30, hasi kwenye mwili, penye chuma kitupu kisicho na rangi. Bana mita ya ampia kwenye waya wa chanya, mita ya volti kati ya 30 na mwili. Miwani machoni. Mkono, shati na kamba za kofia mbali na bendiksi.

Kwa kile kipande cha waya, unganisha 30 na 50 kwa sekunde tatu mpaka tano. Stata itataka kuruka, ndiyo sababu ya jiliwa. Fundi anayeikanyaga kwa kiatu huwa anaendelea kufanya hivyo mpaka siku itakapomgeukia.

Ampia zitapanda sana mwanzo kisha zitulie. Soma zilipotulia. Kwa stata nyingi za Toyota za kilowati 1.0 mpaka 1.4, kipimo cha kitabu ni ampia 90 au chini yake, kwa volti 11.5. Stata za dizeli huruhusiwa zaidi, kwa hiyo tafuta kipimo cha yako.

Majibu husomwa kwa kulinganisha ampia na mwendo:

Ampia nyingi, mwendo wa pole. Kuna kitu kinachobana au armecha ina shoti. Fungua utafute alama inayong'aa pale armecha inaposugua kasha. Hizo ni bushi (pete zinazoshika ncha za shafti) zilizoisha au zilizopigwa upande. Bushi za shaba ya vinyweleo huloweshwa kwenye oili ya injini kabla ya kupachikwa.

Ampia nyingi, haizunguki kabisa. Zima mara moja. Ama imekwama, ama umeme unakimbilia kwenye mwili.

Ampia kidogo, mwendo wa pole. Umeme unazuiwa njiani: brashi hazijakaa, springi dhaifu, shaba za solenoidi, au waya uliochomelewa vibaya. Hii ndiyo ya brashi bapa niliyoisema.

Hakuna ampia, kimya. Brashi imekwama kwenye kishikio, au solenoidi haijafunga njia.

Tena tazama upande inaozunguka. Kwenye stata ya sumaku, pipa lina alama inayopaswa kukutana na alama ya kifuniko. Ukilifunga bila kufuata alama, sumaku zinaweza kukaa kinyume na brashi, mota ikazunguka upande usio wake. Mezani italia vizuri kabisa, na ampia zitakuwa nzuri. Garini bendiksi itateleza, maana hukaza upande mmoja tu. Nilipoteza alasiri nzima kwa kosa hilo, nikabadilisha bendiksi mbili nzima, kabla mwanafunzi wangu hajauliza kwa upole kama hiyo stata siku zote huzunguka hivyo.

Umefaulu ikiwa inashika kasi mara moja, sauti ni moja isiyopanda na kushuka, cheche za brashi ni ndogo, na ampia ziko ndani ya kipimo. Usiiache ilie kwa sekunde ishirini ili mteja asikie raha. Stata za koili za fildi, zile zisizo na sumaku za kudumu, zikikosa mzigo hupanda kasi mpaka nyuzi za armecha zitoke nje.

## Hatua ya 5: Mzigo wa kweli, garini

Toa hasi ya betri kwanza. Kwangua uso ambapo stata inakutana na injini; rangi nzuri uliyoipuliza ili ipendeze ndiyo inayozuia hasi. Ifunge, kaza bolti zote mbili, rudisha betri.

Gia iwe P, au huru kwa gari la gia za mkono. Breki ya mkono juu. Kisha zuia injini isiwake: kwa Toyota nyingi za petroli, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI. Kwa dizeli za pampu ya zamani, chomoa waya wa kikata mafuta. Tunataka injini igeuke bila kuwaka, ili upate muda wa kusoma.

Mwenzako azungushe ufunguo kwa sekunde tano. Usizidishe kumi, kisha pumzisha dakika moja au mbili. Utasoma vipimo vitano, kimoja kwa kila zamu:

Nguzo za betri zenyewe, si vibanio: zisishuke chini ya volti 9.6.

Nguzo ya chanya mpaka bolti ya 30: isizidi 0.5. Ikizidi, waya mkuu au kibanio kimeoza ndani.

Mwili wa stata mpaka nguzo ya hasi: zaidi ya 0.3 naanza kutafuta waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Kwenye magari ya kubeba samaki na mchanga, waya huu huwa kijani kitupu kwa kutu.

30 mpaka M: hapa unapima zile shaba. Nikiona zaidi ya 0.3 nafungua tena.

50 mpaka mwili: isipungue volti 8. Ikipungua, stata haina kosa. Angalia rilei (swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye 50), swichi ya ufunguo, na swichi ya gia kwa gari la otomatiki.

Kipimo hiki cha mwisho kinaokoa urafiki. Probox moja ya abiria wa njia ya Busia ililetwa kwangu ikiwa imefumuliwa stata mara tatu na mafundi watatu. Kwenye 50 nilisoma volti 6. Rilei ndiyo ilikuwa imechoka. Na kwa kuwa ni otomatiki, haiwezi hata kusukumwa ikawaka. Abiria walikuwa wakishuka tu na kutafuta gari lingine.

## Hatua ya 6: Jaribio la moto, na la baridi

Rudisha fyuzi, washa injini. Bendiksi irudi bila kelele ya kusaga. Endesha mpaka injini ifikie joto lake, izime, subiri dakika kumi na tano boneti ikiwa imefungwa, kisha washa. Joto la injini huingia kwenye stata ukiwa umeegesha. Shaba ikipata moto huzuia umeme zaidi, na bushi iliyobana kidogo hubana sana. Gari linalowaka asubuhi na kukataa kwenye kituo cha mafuta saa saba mchana linatoka hapa.

Kama gari linakwenda kulala Molo au Timboroa, usiridhike na jua la Kisumu. Alfajiri ya huko oili huwa nzito na betri hupungua nguvu. Likabidhi baada ya kuliwasha mara moja asubuhi mapema, injini ikiwa baridi.

Likiwaka mara kumi mfululizo, baridi na moto, bila "tik" hata moja, mwite mwenyewe. Mimi huandika tarehe na ampia nilizosoma kwenye pipa la stata kwa kalamu ya rangi. Ikirudi mwaka kesho inasoma 70 kama nilivyoiacha, sifungui hata nati moja. Naanza na betri na waya.